Kufundisha Usugu wa Bakteria: Kimeng'enya Kinachovunja Penisilini

Mwalimu yeyote aliyefundisha habari za maradhi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi amekwisha kukutana na jibu hili: "Dawa haikumponya kwa sababu mwili wake umeizoea." Jibu hilo hutolewa na watoto, nao wamelipata kwa wazazi wao, na wazazi aghalabu wamelisikia kwenye foleni ya zahanati. Lina sura ya ukweli, na kwa sababu hiyo lina madhara kuliko ujinga mtupu. Mtu anayeamini kwamba mwili wake ndio uliozoea dawa huona kuwa jambo hilo ni lake peke yake. Jirani hahusiki, wala mtoto mchanga anayelala naye kitanda kimoja hahusiki. Ukweli ni kwamba aliye sugu ni bakteria, na bakteria huhama.

Katika makala hii tunakusudia kumweleza mwanachuo jinsi bakteria wanavyoivunja dawa, kisha tupendekeze njia chache za kulifikisha jambo hilo kwa watoto bila maabara. Tumechagua mfano mmoja tu, yaani penisilini na kimeng'enya kiitwacho penisilinasi. Twaona ni afadhali mwalimu aujue mfano mmoja mpaka kwenye mzizi kuliko kutaja dawa kumi juu juu.

Neno lenyewe

Kabla ya kuingia darasani yafaa tulitazame neno tunalolitumia. Sugu, katika maana yake ya asili, ni ule ugumu wa ngozi utokeao kiganjani mwa mkulima kwa kushika jembe, au alama iliyo katika paji la uso wa mtu anayesujudu sana. Hutokea kidogo kidogo, kwa kusuguliwa. Kutokana na hapo tumepata mwizi sugu na maradhi sugu. Neno ni zuri, wala hatupendekezi liachwe. Lakini linabeba picha isiyofaa hapa, kwa maana humfanya mtoto afikiri kwamba bakteria mmoja alipigwa na dawa leo, akapigwa tena kesho, hata ngozi yake ikawa ngumu. Usugu wa bakteria hautokei hivyo. Bakteria sugu huwa na usugu wake kwa sababu ya mabadiliko yaliyotokea kwa nasibu katika jeni zake, ama kwa kupokea jeni hizo kutoka kwa bakteria mwingine. Kazi ya dawa ni kuwaondoa wenzake na kumwachia nafasi.

Kosa hili la lugha si letu peke yetu. Alexander Fleming, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwezi Desemba 1945, alisimulia habari ya mtu wa kubuni aliyeumwa koo, akajinunulia penisilini, akatumia kiasi kisichotosha kuwaua bakteria bali kilichotosha kuwaelimisha. Kisha akamwambukiza mkewe, mke akapata kichomi, penisilini haikufaa kitu, naye akafa. Onyo lilikuwa la haki na lilitolewa mapema mno, lakini bakteria hawaendi shule. (Hao streptokoki aliowatolea mfano, wale waletao maumivu ya koo, mpaka leo bado wanatibika kwa penisilini. Ni aina nyingine zilizotimiza utabiri wake, tena upesi.)

Penisilini inavyoua

Fleming aliiona kazi ya penisilini mwezi Septemba 1928 katika hospitali ya St Mary's, London. Ukungu uliingia katika kisahani alichooteshea bakteria, na karibu na ukungu huo bakteria wakatoweka. Habari hii wanachuo wengi wanaijua. Inayojulikana kwa wachache ni sababu ya kutoweka kwao, na bila sababu hiyo hatuwezi kueleza usugu.

Bakteria amezungukwa na ukuta. Ukuta huo umejengwa kwa nyuzi ndefu za sukari zilizofungwa pamoja kwa vipande vifupi vya amino asidi. Mfano ulio karibu na mtoto ni nyumba ya miti na udongo: fito zikisimama peke yake huanguka, zikifungwa kwa kamba husimama. Sasa, anayefunga kamba hizo katika bakteria ni nani? Ni vimeng'enya vyake mwenyewe, yaani protini zinazofanya kazi za kikemia ndani ya kiumbe hai. Kila kipande kinachongoja kufungwa kina ncha ya alanini mbili zilizofuatana. Kimeng'enya mfungaji huishika ncha hiyo, huitoa alanini ya mwisho, na kuunga sehemu iliyobaki na uzi wa jirani.

Penisilini ina umbo linalofanana na ncha hiyo. Kimeng'enya mfungaji huishika kama kinavyoshika kamba ya kawaida. Lakini ndani ya penisilini mna pete ndogo ya atomi nne, tatu za kaboni na moja ya nitrojeni, iliyokazwa kama upinde uliovutwa. Umbo hilo lilithibitishwa mwaka 1945 na Dorothy Hodgkin pamoja na wenzake huko Oxford, kwa kupitisha miali ya eksirei katika fuwele za penisilini. Pete hiyo ikishikwa hufunguka na kujigandamanisha na kimeng'enya, nacho hakibanduki tena kwa muda mrefu. Kamba hazifungwi, huku bakteria akiendelea kukua. Maji huingia ndani yake, ukuta hushindwa kuyahimili, naye hupasuka.

Hapa mtoto mwerevu atauliza: mbona dawa hiyo hainipasui mimi? Swali hilo ni la thamani, na mwalimu asilipite. Seli za binadamu hazina ukuta wa namna hiyo. Penisilini haina kamba ya kuigiza katika mwili wetu, na ndiyo sababu humuua bakteria na kumwacha mgonjwa, ukiacha watu wachache ambao miili yao huikataa dawa hiyo na kupata madhara makubwa. Ndiyo sababu pia haifai kitu kwa mafua, kwa kuwa virusi navyo havina ukuta huo.

Kimeng'enya kilichotangulia mgonjwa

Mwezi Desemba 1940, Edward Abraham na Ernst Chain wa Oxford walitangaza katika jarida la Nature kwamba wamepata kutoka kwa bakteria wa utumbo kitu kinachoharibu penisilini. Waliwaponda bakteria, wakachukua maji yaliyotoka, wakayachanganya na dawa, na dawa ikakosa nguvu. Kitu hicho walikiita penisilinasi.

Tarehe hiyo mwalimu aikumbuke. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa na kundi hilo la Oxford, askari polisi aliyekuwa akioza uso kwa maambukizo, alianza kupigwa sindano mwezi Februari 1941. Alipata nafuu kwa siku chache. Dawa ilikuwa adimu hata ikakusanywa tena kutoka katika mkojo wake. Ikaisha, naye akafariki mwezi Machi. Maana yake ni kwamba kimeng'enya kinachovunja dawa kilikuwa kimekwisha kujulikana kabla askari huyo hajadungwa hata sindano moja. Bakteria hawakukibuni kwa ajili yetu. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba katika udongo ulioganda kwa miaka 30,000 huko Yukon, Kanada, wamekuta jeni za usugu dhidi ya dawa za jamii ya penisilini na nyinginezo. Ukungu na bakteria wamegombana katika udongo tangu zamani sana, na sisi tumeingilia ugomvi huo jana tu.

Je, kimeng'enya hicho hufanyaje kazi? Penisilinasi, ambayo leo huhesabiwa katika jamii kubwa ya vimeng'enya viitwavyo beta-laktamasi, huishika penisilini karibu sawasawa na vile kimeng'enya mfungaji kinavyoishika. Pete hufunguka vilevile. Tofauti iko katika hatua inayofuata. Kimeng'enya mfungaji hukwama. Penisilinasi huingiza molekuli ya maji mahali pa kiungo, huiachilia penisilini ikiwa imevunjika pete, na yenyewe hubaki huru, tayari kwa molekuli nyingine. Baadhi ya vimeng'enya vya jamii hii huvunja zaidi ya molekuli elfu moja za penisilini kwa sekunde moja. Penisilini iliyovunjika pete haiwezi kumshika mfungaji yeyote, hata ikijaa mwilini. Wataalamu wanaona kwamba penisilinasi za namna hii zina asili moja na wale wafungaji wa ukuta, yaani ni ndugu aliyepata ufundi wa kujinasua.

Stafilokoki, bakteria waletao majipu na vidonda vya usaha, hukitoa kimeng'enya hiki nje ya miili yao. Kwa hiyo bakteria sugu wachache huweza kuisafisha dawa hata kwa jirani zao wasio sugu. Katika hospitali ya Hammersmith, London, Mary Barber alihesabu stafilokoki waliopatikana kwa wagonjwa. Mwaka 1946 waliokuwa sugu kwa penisilini walikuwa wapata 14 katika kila 100. Mwaka 1947 walikuwa 38. Mwaka 1948 walikuwa 59. Naye alionyesha kwamba sababu haikuwa bakteria dhaifu kugeuka sugu mmoja mmoja, bali ukoo sugu uliokuwa ukienea wodini kutoka kwa mgonjwa hadi mgonjwa. Tarakimu hizi tatu zikiandikwa ubaoni, watoto waliokwisha kujifunza grafu wanaweza kuzichora wenyewe, na mchoro huo husema zaidi kuliko hotuba.

Jaribio la mate

Mtoto hawezi kuiona penisilinasi, lakini anacho kinywani kimeng'enya kinachofanya kazi kwa njia iliyo karibu nayo. Mate yetu huvunja wanga kwa kuingiza maji kwenye viungo vya molekuli, kama vile penisilinasi inavyoingiza maji kwenye pete. Hatusemi huu ni mfano wa kulinganisha tu. Ni kazi ya kikemia ya aina moja.

Mwalimu atengeneze uji mwepesi sana wa unga wa muhogo, auache upoe hata uwe na joto la mwili, augawe katika vikombe vitatu. Kikombe cha kwanza kisitiwe kitu. Cha pili kitiwe mate ya mwalimu mwenyewe, kiasi cha kijiko cha chai. Cha tatu kitiwe mate kiasi hicho hicho yaliyokwisha kuchemshwa. Vikorogwe kwa vijiti vitatu mbalimbali, na viachwe kwa muda wa robo saa. Kisha tone la kila kikombe liwekwe juu ya sahani nyeupe na kutiwa tone la iodini. Uji wa kwanza na wa tatu utageuka rangi ya buluu iliyokoza karibu na weusi, kwa sababu wanga bado upo. Uji wa pili utabakiwa na rangi ya iodini yenyewe, au wekundu wa kahawia. Kama bado ni wa buluu, mwalimu asiharakishe kuwaambia watoto kwamba jaribio limeharibika. Uji huenda ulikuwa mzito, nao unahitaji muda zaidi.

Mambo mawili yasisitizwe hapa. Kwanza, mate kidogo yamevunja uji mwingi, kwa sababu kimeng'enya hakiishi kwa kutumika. Ndivyo bakteria mwenye penisilinasi anavyoweza kuimaliza dawa iliyo nyingi kuliko yeye. Pili, kuchemsha kumekiharibu kimeng'enya, kwa kuwa ni protini yenye umbo maalumu, na umbo likipotea kazi nayo hupotea. Tumechagua mate ya mwalimu kwa makusudi. Kuwatemesha watoto arobaini katika kikombe kimoja ni kuvunja somo la usafi kwa ajili ya kufundisha somo la usafi.

Wako wanachuo wanaopenda kuotesha bakteria katika mchuzi wa nyama na kuwatilia vidonge vya dawa ili watoto waone. Hatukubaliani na jambo hilo hata kidogo. Hakuna ajuaye ni bakteria gani wameota katika chupa ile, na dawa inayomwagwa shimoni huendelea na kazi ya kuchagua walio sugu huko huko udongoni.

Punje za mahindi

Jaribio la mate laonyesha kazi ya kimeng'enya. Halionyeshi jinsi usugu unavyoenea. Kwa hilo punje za mahindi zatosha. Kila kundi lipewe punje nyeupe 64 na punje 2 za manjano, pamoja na akiba ya rangi zote mbili pembeni. Nyeupe ni bakteria wa kawaida, manjano ni wenye penisilinasi. Kwanza wazaane bila dawa, yaani kila punje iongezewe mwenzake wa rangi yake. Zitakuwa nyeupe 128 na manjano 4. Watoto waulizwe kama uwiano umebadilika. Haukubadilika.

Warudi mwanzo, sasa pamoja na dawa. Katika kila zamu waondoe robo tatu ya punje nyeupe, wasiguse za manjano, kisha zilizobaki zote zizae. Zamu ya kwanza nyeupe 64 zitashuka hadi 16 na kuzaa 32. Manjano 2 zitakuwa 4. Zamu ya pili nyeupe zitakuwa 16, manjano 8. Waendelee mpaka zamu ya tano. Watakuta nyeupe 2 na manjano 64, yaani hesabu ya mwanzo imegeuka juu chini. Mwalimu anyamaze kidogo, kisha aulize: je, kuna punje nyeupe hata moja iliyogeuka manjano? Watoto waliokuwa wakizihamisha kwa mikono yao wanajua kwamba hakuna. Hapo ndipo lile jibu la "mwili umezoea" linapoanza kulegea, na lile la "bakteria wamejifunza" pia.

Mfano huu una mpaka wake. Punje hazibadilishani rangi, lakini bakteria huweza kupeana jeni. Wengi wanabeba vipande vya DNA vya duara viitwavyo plasmidi, na hunakili kipande hicho na kumpa mwingine, hata wa aina tofauti. Mwaka 1965 huko Athens, Ugiriki, bakteria wa utumbo waliochukuliwa kwa mgonjwa mmoja walikutwa na beta-laktamasi iliyokaa juu ya plasmidi. Iliitwa TEM, kwa herufi za kwanza za jina la mgonjwa, na vimeng'enya vya ukoo huo vimekwisha kuenea duniani kote. Kufikia mwaka 1976 bakteria wa kisonono nao walipatikana na penisilinasi juu ya plasmidi, katika Asia ya Kusini-Mashariki na Afrika ya Magharibi, na baadaye penisilini ikapoteza nafasi yake katika kutibu kisonono. Kwa watoto inatosha kusema kwamba punje ya manjano inaweza kumpa punje nyeupe rangi yake. Wenye mwendo mwepesi wataifanya zamu ya sita kwa kanuni hiyo.

Yasemwe pia, kwa kifupi, kwamba si usugu wote hutoka kwa kuivunja dawa. Meticilini ilitengenezwa ili penisilinasi ya stafilokoki isiiweze, ikaanza kutumika kwenye mwaka 1960, na mwaka 1961 Uingereza ilitangaza stafilokoki walio sugu kwake. Hao walikuwa wamepata kimeng'enya mfungaji cha namna nyingine, ambacho dawa haikishiki. Bakteria wengine huisukuma dawa nje, na wengine huibandika kitu kingine hata isitambulikane.

Kuhusu dozi

Watoto watakwenda nyumbani na kuyasimulia haya, kwa hiyo maneno ya mwalimu kuhusu dozi yawe sahihi. Zamani tulizoea kusema "maliza dawa" na kuishia hapo. Siku hizi imebainika kwamba kwa baadhi ya maradhi siku chache zatosha, na kwamba dawa isiyo na haja, hata ikimalizwa sawasawa, nayo huwachagua sugu miongoni mwa bakteria wasio na madhara walioko utumboni. Kwa maradhi mengine, kifua kikuu kwa mfano, matibabu ya kawaida ni miezi, wala hayapunguzwi kwa sababu kikohozi kimekoma. Basi mwalimu aseme: dawa hizi zitumike pale mganga alipozitoa, kwa kiasi na siku alizoandika. Vidonge vilivyobaki visigawiwe jirani, wala visiwekwe kabatini kungoja homa nyingine, ambayo huenda ikawa malaria. Hatupendi mwalimu amlaumu mzazi aliyekatiza dawa kwa kukosa fedha. Darasani yumo mtoto wake.

Ukubwa wa jambo uelezwe bila kutisha. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 watu wapata 1,270,000 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya usugu wa bakteria, na kwamba eneo lililoathirika kuliko yote, kwa kulinganisha na idadi ya watu, lilikuwa Afrika ya Magharibi. Kwa upande wa pili, binadamu naye amejifunza kukitega kimeng'enya. Kutoka kwa bakteria wa udongo aitwaye Streptomyces clavuligerus ilipatikana asidi ya klavulani. Nayo ina pete ile ile. Penisilinasi huishika ili iivunje, lakini safari hii ni yenyewe inayokwama. Tangu mwaka 1981 asidi hiyo imekuwa ikitolewa pamoja na amoksilini katika kidonge kimoja: moja humshughulisha mvunjaji, nyingine hushambulia ukuta. Baadhi ya beta-laktamasi, kama zile zinazotumia madini ya zinki, haziwezwi kwa mtego huo.

Katika kupima kama somo limeeleweka, maswali ya kutaja majina hayafai sana. Tunalipenda zaidi swali hili: "Mzee mmoja kijijini ametumia dawa za kuua bakteria mara nyingi. Mtoto wa jirani yake hajawahi kuzitumia hata mara moja. Je, mtoto huyo anaweza kupata maradhi yasiyosikia dawa hizo?" Anayejibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa mwili wa mtoto bado haujazoea, arudishwe kwenye punje. Anayejibu kwamba yawezekana aulizwe swali la pili, yaani bakteria walipita wapi hata wakamfikia. Hapo zitatajwa mikono, maji ya kisima, choo, inzi, kitambaa cha kidonda, hata maziwa ya ng'ombe aliyedungwa sindano. Na yote yaandikwe ubaoni yasifutwe, kwa kuwa kipindi kinachofuata kitaanzia hapo.